Nukta ya Waithaka

Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa Mei, Peres alilifunga tufe la darasa kwenye leso, akalipeleka Adams Arcade kwa Sifuna, fundi wa kuandika mabango. Tufe lilikuwa zee. Nchi zilizokufa zamani zilikuwa bado hai juu yake, ila Waithaka, mtaa wao wa Nairobi, haikuwepo. Kwa miaka kumi na saba, Mwalimu Nyakio alikuwa akiwauliza wanafunzi wake wa jioni, "Haya, wewe uko wapi?" na kila mmoja alikiweka kidole pale pale. Vidole vilikuwa vya watu wazima waliotoka kazini, vina simiti, vina sabuni, na mwishowe nyumbani pakafutika, pakabaki kidonda cheupe cha ukubwa wa shilingi.

Peres alikuwa akipandisha mchanga kwenye mjengo wa Bwana Wainaina kule Waithaka, orofa nne kwa ngazi za mbao, karai kichwani. Jioni alisoma Uthiru, kwenye ukumbi wa kanisa. Mtihani wa kidato cha nne ulikuwa Novemba. Alikuwa na miaka thelathini na minne, na alitaka kitu kimoja tu duniani: cheti kitakachompa kazi ya kukaa chini.

"Hapa rangi haishiki, dada," Sifuna alisema, akikikwaruza kile kidonda kwa ukucha. "Karatasi imeisha."

"Fanya vile unajua, fundi. Weka tu nukta ya Waithaka."

Sasa, Sifuna alikuwa fundi mwenye maringo yake, na hakuwahi kuandika juu ya ukuta mbovu. Akalizungusha tufe mpaka akapata mahali safi, juu, katikati ya Swideni, ambapo hakuna mwanafunzi wa Mwalimu Nyakio aliyewahi kutoka. Akaweka nukta nyekundu. Kando yake akaandika WAITHAKA, kwa herufi zenye kivuli.

"Si hapo juu pako safi," alisema. "Na panaonekana."

Peres alicheka mpaka akashika mbavu. Akalichukua hivyo hivyo, maana darasa lilianza saa moja jioni na rangi ilikuwa imeshakauka.

Jumatatu, jua la Waithaka lilitoka saa tisa usiku na kuzama saa nne usiku. Majogoo walilalamika siku mbili tatu, kisha wakazoea. Uthiru na Kawangware jua liliendelea kuzama saa kumi na mbili na nusu, kama lilivyolelewa. Kule Waithaka ikawa sherehe. Sukuma wiki zilirefuka zikapita madirisha, mtu anachuma bila kutoka kitandani. Kwaya ya akina mama ilifanya kesha na miavuli. Watu hawakuweza kusema saa moja usiku huku wamekunja macho kwa mwanga, kwa hiyo wakaendelea kuhesabu: saa kumi na tatu ya mchana, kumi na nne, kumi na tano. Walioana wengi mwezi huo. Mbaluka, mpiga plasta, alisema hajawahi kupata nguo kavu hivi tangu azaliwe.

Lakini Bwana Wainaina aliajiri vibarua kwa jua. Baba yake alifanya hivyo kwenye shamba la kahawa, pale pale mjengo ulipo: jua likitoka uko, jua likizama unaenda, hiyo ni siku. Wengine mjini hufuata saa, yeye alisema saa inaweza kudanganywa. Na kusema kweli haikuwa imemuumiza mtu, kwa sababu jua la huku kwetu lilikuwa na adabu, saa kumi na mbili juu na saa kumi na mbili chini, mwaka nenda mwaka rudi.

"Bosi, hii si siku," Peres alimwambia wiki ya kwanza, akitua karai. "Hii ni siku mbili."

"Kwani umeona jua likizama mara mbili?"

Hakuwa ameliona. Akapandisha mchanga. Saa moja ilipofika, alikuwa orofa ya nne, jua likimchoma kisogo, na ng'ambo kule aliona Uthiru gizani, taa zimewaka, na Mwalimu Nyakio akianza somo bila yeye. Iliuma. Akashuka kuchukua karai lingine.

Jumapili alirudi na tufe kwa Sifuna. "Nihamishie hii nukta, fundi. Nitafeli."

"Woi, dada, hiyo ni rangi ya mafuta. Haitoki." Kisha akaona aibu, akaongeza ukweli: "Na watu wa Waithaka waliniletea jogoo nisiiguse."

Basi Peres akasomea juu ya mifuko ya simiti. Alijifunza mwinamo wa dunia akipanda ngazi na mwendo wake akishuka, na kutoka kwenye kitabu akajua kwamba huko juu jua la Juni hulipa deni lake Novemba. Akangoja. Aliwaambia na wengine, wakangoja naye, wakicheka chini chini.

Novemba ikaja. Jua lilitoka saa tatu asubuhi, likajikokota juu ya mapaa, likazama saa kumi. Vibarua waliweka karai chini, wakanawa miguu.

"Jua limezama, bosi," Mbaluka alisema kwa heshima kubwa.

Wainaina aliangalia magharibi, akawaacha waende. Kesho yake kulikuwa na taa nne za mwanga mkali kwenye nguzo, na saa ya ukutani imepigiliwa msumari penye ngazi.

"Tunaenda na saa sasa," alisema. "Saa moja asubuhi, saa mbili usiku."

"Na Juni?" Peres aliuliza.

"Juni tulikuwa tunaenda na jua."

Siku ya karatasi ya Jiografia Peres alitoka Waithaka gizani na tochi, akavuka akaingia kwenye asubuhi ya Uthiru. Swali la tatu lilitaka aeleze kwa nini mchana na usiku hukaribia kulingana kwenye Ikweta. Alicheka kwa sauti, msimamizi akamkodolea macho. Kisha akaandika vile kitabu kinasema, kwa mwandiko mzuri, kwa sababu alizihitaji zile alama.

Alirudi mjengoni saa tisa na nusu, jua likiwa bado linaning'inia. Wainaina alikuwa amesimama chini ya saa yake.

"Umechelewa."

"Kwa jua ama kwa saa, bosi?"

Vibarua wote walisimama kusikiliza. Wainaina aliangalia angani, akaangalia ukutani, akafikiri kwa haki kabisa.

"Kwangu," alisema.

Peres alifunga leso kiunoni na kuchukua karai. Saa kumi jua lilizama, taa nne zikawashwa, naye alikuwa ngazi ya pili.