Ubeti Niliobandika Sokoni

Fahd aliingia dukani kwangu Wete asubuhi ya Jumatatu, akaketi juu ya robota la vitambaa bila kukaribishwa, akasema, "Radi inarikodi tena. Twataka maneno, na tumekuja kuyataka kwako."

Mguu wangu uliacha kukanyaga cherehani. Nilikuwa na miaka ishirini na nne, fundi wa kanzu na suruali, na katika Wete nzima hakukuwa na mtu niliyekubali kuwa ananishinda kutunga. Sikufundishwa na yeyote. Vina na mizani nilijifunza kwa redio huku napiga pindo. Kwa hiyo sikumuuliza Fahd kwa nini mimi. Nilimuuliza kwa nini wamechelewa.

"Kiburi hicho," akacheka, "kitie kwenye nyimbo, usitutie sisi."

Asiyeijua bendi ya Radi hawezi kuelewa nilivyofurahi. Fahd alikuwa baharia. Mwaka 1984 alirudi nyumbani na gitaa la umeme, spika mbili kubwa na kanda za muziki wa metali, tena ule wa kasi uitwao thrashi, ambao kwa masikio ya wazee wetu ulikuwa kama mabati yanayoburuzwa barabarani. Bakar, aliyekuwa mpigaji wa ngoma ya msewe, akasema kasi hiyo anaiweza. Shaame, dereva wa gari la serikali, akalichukua gitaa na hakulirudisha tena; Fahd akabaki kuimba. Walipopiga uwanja wa Gombani kwa mara ya kwanza, mzee mmoja alikwenda kuzima jenereta akidhani limeharibika. Mimi nilikuwa mtoto, nikabebwa mabegani na ami yangu, na tangu siku ile niliamini kuwa Pemba hakuna kitu kikubwa kuliko Radi.

Kisha vikaja vyama vingi. Mwaka 1995 Shaame alipanda jukwaani katika mkutano wa chama kilichoshika serikali, akapiga gitaa. Sisi wengine karibu sote tulikuwa upande wa pili. Fahd na Bakar wakamwacha. Toka hapo Fahd alitoa kanda mbili za harusi kwa kinanda cha betri, za kumlalisha mtoto mwenye homa. Ulipotiwa saini Muafaka wa vyama viwili, mwaka 2001, Bakar ndiye aliyekwenda kumbishia Shaame mlango siku ya Idi. Sasa wote watatu walikuwa wanafanya mazoezi katika ghala tupu la karafuu, na Jumapili angekuja fundi wa sauti kutoka Unguja.

Nilikwenda ghalani siku ya pili yake, baada ya Alasiri, na nyimbo tano mfukoni. Shaame nilikuwa sijakaa naye chumba kimoja maisha yangu yote. Alikuwa amekonda, mvi zimemjaa, na gitaa alilipakata kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenziwe.

Nikasoma. Nilisoma kwa sauti niliyoizoea mbele ya kioo, wimbo wa kwanza hadi wa tano. Bakar akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Mazuri," akasema Shaame. "Yamenyooka kama suruali iliyopigwa pasi."

"Ahsante, Mzee Shaame."

"Sikusifu. Suruali ya pasi haivaliwi mtu akenda kupigana. Maneno yako hayana jino, mwanangu. Sisi tukipiga, watu wanataka kuumwa."

Masikio yaliniwaka moto. Nilikuwa tayari kumjibu kwa ubeti wa papo hapo, lakini akawasha spika, na mkono wake ukaanza.

Sijui kuueleza muziki ule. Ulikuwa wa kasi, mzito, unarudi pale pale kama mtu anayepiga mlango kwa bega. Bakar aliuingia bila kuambiwa. Nilisikia mchanga wa sakafuni ukitetemeka chini ya makubadhi yangu. Hii ndiyo ilikuwa Radi ya Gombani. Hapana, ilikuwa kali zaidi. Nikasahau hasira. Kisha Shaame akafungua kinywa, akasema maneno juu yake, bila kuyaimba:

Gitaa ulilobeba, kwa sahani umeuza,
Ukala ukenda shiba, nasi ukatupuuza,
Ukifikwa na msiba, nani wa kukuliwaza?
Mwenyewe utalibeba, begani lako jeneza.

Bakar aliacha kupiga. Fahd akatazama chini.

Ubeti ule ulikuwa wangu.

Niliuandika mwaka 1995, nina miaka kumi na saba, siku mbili baada ya mkutano ule. Niliuandika kwa kalamu nyekundu, nikaubandika ukutani sokoni kabla watu hawajafungua, bila jina. Kufika Ijumaa kila mtu aliujua. Uliimbwa bandarini, ukaimbwa skuli, ukaimbwa nyuma ya gari la Shaame likipita. Sikumwambia mtu kuwa ni wangu, si kwa sababu nilikuwa na haya. Nilikuwa naogopa polisi. Haya yangekuwa na nafuu.

"Shaame, yakhe," akasema Bakar, "achana na hayo. Yalishapita."

"Yamempitia nani?"

"Tumeshapatana."

"Tumepatana, ndiyo maana nakwambieni. Miaka sita na zaidi huu muziki ninao kichwani, na hauna maneno mengine. Nimeujaribu na mengine, unayatema."

"Mie siuimbi," akasema Fahd. "Nitaimbaje? Mimi mwenyewe sikuja mazikoni."

"Basi ndiyo maana utauimba weye."

Miezi mitatu baada ya ule mkutano, Bi Shamima, mke wa Shaame, alifariki. Wakati ule tulikuwa tunasusiana. Hatukununua duka la mtu wa chama kingine, hatukupanda gari lake, hatukula harusini kwake. Lakini maiti, watu walikuwa bado wanasitasita. Maiti hana chama. Ubeti wangu ndio uliowaondolea wasiwasi. Ulikuwa umeshasema itakuwaje, na watu wakaona wakitoka kwenda kuzika watakuwa wameuvunja.

"Na lile pilau la mkutanoni, la hiyo sahani," Shaame akasema, akacheka kidogo peke yake, "wala sikulila. Mkuu wangu wa kazi alinambia panda upige, nikapanda. Niliposhuka, sufuria zilikuwa zishaoshwa. Nilikwenda nyumbani na njaa yangu, Shamima akanipa muhogo."

Hakuna aliyecheka naye.

"Mtu huyu aliyetunga," akaendelea, "nimemtafuta. Si kwa ubaya. Katika miaka yote ile watu walinisengenya kwa maneno ya mzungukomzunguko. Yeye peke yake alisema kitu kikanyooka. Ningemjua, ningemuuliza jambo moja tu." Akanigeukia. "Weye mtunzi. Ubeti mmoja hautoshi wimbo. Nitungie wa pili, ufuate ule. Jumapili uje nao."

Ilikuwa ndiyo nafasi yangu. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nikasema, "InshaAllah, Mzee Shaame," nikatoka.

Kuanzia Jumanne hadi Jumamosi sikushona kitu cha maana. Nilikata kanzu ya mtu mikono miwili ya kushoto. Niliandika beti kumi na moja. Wa kwanza ulimsifu marehemu. Wa pili ulilaumu siasa. Wa tano ulisema sote tulikuwa vijana, wa nane ukasema shetani alitupitia. Vina vilikuwa safi. Nilizisoma zote Jumamosi na nikaona kila mmoja ni mtu anayejificha nyuma ya mlango na miguu yake inaonekana.

Kwa kuwa lipo jambo ambalo hata Fahd na Bakar hawakulijua.

Siku ya mazishi nilikuwa barazani, karibu na njia ya makaburini, na vijana wenzangu kama wanane. Likapita jeneza. Kwetu jeneza likipita mtu huinuka, hata kama hamjui marehemu, akatia bega, akaenda nalo hatua chache, akampisha mwingine. Jeneza huenda linaelea juu ya watu, wala hujui nani analibeba. Lile halikuelea. Lilikuwa na watu saba: imamu, jamaa wanne waliokuja kutoka Makangale, mzee mmoja jirani, na Shaame mbele kulia. Hakukuwa na wa kumpokea. Bega moja toka nyumbani hadi kaburini. Na Bi Shamima nilimjua. Ndiye aliyenisomesha juzuu yangu ya kwanza, akinishika kidole na kukitembeza juu ya herufi.

Hatukuinuka. Mmoja wetu, Msellem, akaanza kuimba chini chini ule ubeti. Akakosea. Akasema "kwa sahani umeliuza." Na mimi, jeneza liko hatua kumi mbele yangu, nikamwambia, "Si umeliuza. Ni umeuza. Umezidisha mizani."

Akarudia, sawasawa. Nikaridhika.

Hilo ndilo nililokuwa nalo. Watu wengine walikuwa na chuki siku ile, au hofu ya majirani. Mimi nilikuwa nasikiliza ubeti wangu unavyokwenda.

Jumapili asubuhi fundi wa sauti, kijana wa Unguja aitwaye Jawad, alikuwa ameshatandaza nyaya ghalani kote na kuning'iniza magodoro ukutani. Aliwaona wazee watatu, mmoja ana kofia ya kazi za mkono, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hawa ndio wa metali? Au ni maulidi?" Walipopiga wimbo wa kwanza akavua visikilizio vyake, akavitazama, akavivaa tena. Baada ya wa pili hakuuliza kitu tena. Walipiga nyimbo zangu nne kati ya zile tano asubuhi ile, na naapa kuwa zilikuwa nzuri kuliko nilivyozitunga. Bakar alipiga mpaka fimbo ikavunjika. Fahd, aliyeimba harusini miaka sita kama anayeomba ruhusa, alipiga ukelele uliowatoa popo darini. Radi ilikuwa imerudi. Siku nyingine yoyote ningelia kwa furaha.

Kisha Shaame akasema, "Sasa ule. Ubeti wa pili uko wapi, mwanangu?"

"Sina."

"Ishak, siku tano!" akasema Fahd. "Na majivuno yote yale?"

"Sina wa pili," nikasema. "Wa kwanza ndio wangu."

Niliyasema haya nikiangalia nyaya. Jawad hakujua maana yake, akaendelea kufunga kipaza sauti. Bakar alisema, "La ilaha illa Llah," polepole. Fahd alinijia, mkono umeshainuka, na ningeupokea, ningeupokea kwa shukrani, lakini Shaame akasema, "Mwache."

Hakuinuka alipokaa.

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na saba."

"Siku ya maziko ulikuwa wapi?"

Lilikuwa ndilo lile jambo moja alilotaka kuuliza. "Barazani. Jeneza lilinipita."

"Uliinuka?"

"Sikuinuka, Mzee Shaame." Nikataka kukomea hapo. Nikaona nikikomea, nitaishi nalo peke yangu na litaniozea. Nikamwambia yote, Msellem, na mizani, na nilivyomsahihisha. Nikamwambia, "Naomba radhi."

Akakaza uzi mmoja wa gitaa ambao haukuwa umelegea. Nilitazamia anifukuze. Nilitazamia pia, nasema kweli, kwamba huenda akanisamehe, kwa kuwa nimejileta mwenyewe.

"Radhi kaombe kaburini kwake," akasema. "Mimi sina ya kukupa leo. Njoo hapa mbele ya hii mashine uimbe."

"Mie si mwimbaji."

"Najua. Imba."

Spika zikaanza kukoroma. Bakar akaingia, hakunitazama. Nikaimba ubeti wangu kwa kichwa kilichoinama, kwa sauti ya mtu aliyeletwa mbele ya kadhi. Nilipofika kwenye jeneza sauti ilinikatika.

Shaame akainua mkono. Muziki ukasimama.

"Sivyo," akasema. "Unaimba kama mtu anayejuta. Siku ile hukujuta. Shamima hakupitishwa mbele ya mtu anayejuta. Watu wasikie ulivyokuwa. Imba ulivyoutunga."

"Siwezi, Mzee Shaame."

"Unaweza. Jawad, washa."

Akaanza tena, kwa kasi kuliko mwanzo, na mchanga ukatetemeka. Nikafumba macho. Nikautafuta ule moto wa kalamu nyekundu, ile raha ya kusikia mji mzima unasema maneno yangu. Nilidhani nitaikosa. Nilidhani miaka na majuto ya wiki ile vilikuwa vimeiua. Ilikuwepo pale pale, nzima, inaningoja. Kifua kikanijaa, shingo ikasimama, nikaufungua mdomo, na maneno yakatoka yanauma kama siku ya kwanza, kila silabi mahali pake, mpaka Jawad nyuma ya mashine yake akainua dole gumba na kunichekea kwa furaha.