Kocha Aliyekwepa Geti

Makungu alikuwa mshambuliaji hasa zamani zake, muulize yeyote aliyemwona uwanja wa Amaan, Unguja. Goti lilipomkataa akageukia ukocha, na hapa Birmingham timu ya Wazanzibari wa mtaa wa Alum Rock ikawa mikononi mwake. Sasa kamati ilishamwambia wazi: Jumapili hii ukifungwa, timu tunampa mwingine. Nje ya uwanja alikuwa mbeba maboksi ghalani tu, hana wa kumwita kocha, na hilo lilimtisha kuliko kifo.

Hofu ikiingia, akili hutoka. Kule kwetu zipo timu zisizopita getini siku ya mechi kubwa. Huruka ukuta, maana huenda wenyeji wamezika kitu pale. Walipofika uwanjani Acocks Green, Makungu akamwona mzee wa wenyeji akimwaga ndoo ya maji getini. Mzee wa watu anaosha matope! Lakini nenda kamwambie Makungu. Akaamuru wote waruke uzio.

Kipa wao Inderpal, Singasinga wa Nairobi asiyeogopa jini wala polisi, alicheka akapita getini zake. Wengine wakaruka. Mubarik, mfungaji wao na mtoto wa dada yake Makungu, alisema uzio umelowa, njumu zitateleza. Mjomba akamkaripia: "Ruka, usinitie nuksi." Akaruka. Mguu ukanasa juu, akaangukia upande wa pili, na kila mtu akasikia mfupa ukilia.

Ambulensi ikamchukua, mechi ikachezwa. Na wakashinda, kwa bao la kubabatiza. Kamati ikamkumbatia Makungu, ikamwambia timu ni yako, baba. Yeye alitamani ardhi ipasuke immeze.

Hospitali alimkuta dada yake Shemsa kando ya kitanda. Daktari ameshasema, mpira basi tena. Mubarik alishamwambia mama yake kwamba aliteleza mwenyewe akicheza ovyo. Shemsa akamshika kaka yake mkono, akalia, akamshukuru kwa kumlelea kijana. Makungu akafungua kinywa aseme kweli. Woga ukamshinda, akakifunga.

Shemsa akamgeukia mwanawe. "Umeona sasa? Siku zote nakwambia, msikilize mjomba wako."

Mubarik, ambaye mama yake akimsemesha Kiswahili yeye hujibu Kiingereza, safari hii alijibu Kiswahili, taratibu, huku akimtazama Makungu.

"Nilimsikiliza, Mama."