Vidole Vinne Juu ya Uzi

Mlangoni mwa bekari palikuwa na ubao mweusi, na kwa miaka yote ubao ule haukuwa na kingine ila aina za mikate ya siku hiyo. Mwezi ule bosi alifuta nusu ya juu akaandika kwa chaki, kwa mwandiko wake mkubwa wa kulala: "Hapa tuna binti anayechuchumaa na kilo 120!" Wateja wakawa wanaingia wakiuliza ni nani huyo, naye bosi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu mtaa wa pili, anaelekeza kidole nyuma ya kaunta, kwa msichana wa miaka ishirini na mmoja aliyekuwa akihamisha magunia ya unga.

"Huyu? Huyu mdogo hivi?"

"Huyu huyu. Mpeni mkono, kama hamuogopi."

Wenzake kazini walimpachika jina la Nondo, na alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi. Habari ya kilo mia na ishirini aliieneza Kiberiti, dereva wa gari la mkate, kijana mwembamba aliyefanya naye mazoezi ya vyuma kwenye ukumbi ulio nyuma ya gereji. Kiberiti ndiye aliyempiga picha siku alipochuchumaa nazo, akaionyesha kila duka aliloshusha mikate.

Zilibaki wiki tisa kufikia mchujo wa mwisho wa timu ya mkoa. Mchezo wao una minyanyuo mitatu. Miwili, wa kulala kwenye benchi na wa kuinua chuma kutoka sakafuni, Nondo alikuwa amefikisha viwango tangu mchujo wa kwanza. Ulibaki mmoja: kuweka chuma mabegani, kuchuchumaa, na kusimama nacho. Kwa wasichana wasiozidi kilo sitini na tatu za mwili, kiwango kilikuwa kilo mia na kumi. Nondo alishaanza kuwaza rangi ya sare. Mia na kumi, kwa hesabu zake, ilikuwa ya kupashia mwili joto.

Jumatatu ile kocha alirudi kutoka kozi ya waamuzi wa mchezo huo, ya mwezi mzima. Alikuwa mwalimu wa hesabu aliyestaafu, mtu wa maneno machache na miwani ya kamba. Aliketi ubavuni, kwenye kiti cha plastiki, akamwangalia Nondo akishuka na mia na kumi na kupanda.

"Umeona, kocha?" Nondo akasema, akihema. "Na bado kumi ziko akiba."

"Nimeona. Haihesabiki."

"Haihesabiki vipi?"

"Hukushuka. Nyonga lazima iwe chini ya goti. Yako ilibaki juu. Kozi nzima nilikuwa nakaa kwenye kiti kama hiki, naangalia kitu hicho kimoja tu. Nisamehe, mwanangu, ilinipasa nikwambie zamani, ila na mimi sikuwa najua kuangalia."

Kiberiti akaruka. "Kocha, mimi nilikuwepo! Alishuka mpaka nikamwonea huruma!"

"Wewe ulikuwa unatazama simu."

Nondo alifungua mkanda, akakusanya vitu vyake, akaondoka bila kurudisha sahani za chuma mahali pake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Nyumbani alimkuta mama yake amemwekea sahani: wali, maharage, mayai sita ya kuchemsha. Tangu aanze vyuma, mlo wake ulikuwa na ratiba iliyobandikwa kabatini, na mama aliifuata kama dawa ya daktari, ingawa hakuacha kuisema.

"Mayai sita kila siku," mama alisema. "Hao kuku nadhani wanakujua kwa jina."

Nondo akasukuma sahani. Mama akamgeukia mumewe kwa macho tu, na baba akauliza kulikoni. Baba alikuwa fundi mwashi. Miaka arobaini alipandisha kuta, na sasa magoti yalipogoma alifanya kazi ndogondogo za kupiga lipu. Nondo akamweleza yote kwa hasira: kocha amerudi na mambo yake ya kozi, anaona kasoro kila mahali, labda macho yake yamechoka.

"Kwa hiyo yeye anasema hukufika, wewe unasema ulifika," baba alisema.

"Nilifika, baba. Mwili ni wangu."

"Basi hapo hakuna ugomvi. Hapo pana kitu cha kupima." Akarudisha sahani mbele yake. "Kula. Jumatano nakuja."

Jumatano baba alikuja ukumbini na mfuko wake wa kazi. Alimsalimia kocha kwa mikono miwili, wakaulizana hali za nyumbani kwa utulivu kama wageni wa harusi, kisha akaomba aelezwe sheria. Kocha akamwonyesha: kunjo la nyonga hapa, juu ya goti hapa. Baba akamchuchumaza binti yake bila chuma, akapima kwa futi, akaweka alama ya chaki kwenye nguzo mbili za nyuma, akafunga uzi wa kujengea kutoka nguzo hadi nguzo. Akaweka pimamaji juu ya uzi, akausogeza kidogo upande wa kushoto, akaangalia tena.

"Makalio yakigusa uzi, umefika," alisema. "Yasipogusa, hujafika. Nani ana neno?"

Nondo akashuka na chuma kitupu, uzi ukamgusa. Kilo sitini, ukamgusa. Themanini, tisini, vilevile. Tisini na tano akaugusa kwa tabu, akapanda amekunja uso. Kwenye mia moja alishuka mpaka pale alipozoea kugeukia, akasubiri mguso, na mguso haukuja.

"Nimefika!" alisema kwa sauti ya kubanwa.

"Hujafika, mama," baba alisema taratibu.

Akapanda. Akajaribu mara ya pili. Baba aliinama kwa shida, akapachika mkono kati ya uzi na pale binti yake alipoishia. Viliingia vidole vinne, na nafasi ikabaki.

Kiberiti, ambaye kwa kawaida hakukosa la kusema, alianza kufunga kamba za viatu vilivyokuwa vimefungwa tayari. Nondo alikirudisha chuma kwenye stendi, akaenda kusimama dirishani. Alifikiria ile picha. Alifikiria ubao wa bekari. Kilo mia na ishirini hazikuwahi kuwepo; zilikuwepo tisini na tano.

"Wiki tisa," kocha alisema nyuma yake. "Kilo kumi na tano. Inawezekana, ila hakuna siku ya kupoteza."

"Na nisipoweza?"

"Utakuwa umeshuka vizuri, na mwakani tutaanzia hapo."

Ndivyo kazi ilivyoanza upya. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, seti tano za mara tano, kila mara mpaka uzini. Wiki mbili za kwanza alifanya na kilo sabini, uzito ambao zamani hata asingeuvalia mkanda. Mapaja yalimuuma kiasi kwamba bekarini alishuka ngazi za stoo kinyumenyume, na bosi akamuuliza kama ameiba kitu. Kila asubuhi alipanda mizani. Alipofika sitini na mbili na nusu, kocha alimpunguzia wali akamwachia mayai, maharage na nyama. Kilichomtesa zaidi ni mikate. Saa kumi na mbili alfajiri, inapotoka tanurini, maganda yake yakilia kwa moto, yeye alisimama anaipanga kwenye kreti huku anatafuna yai baridi.

"Ubao ule, bosi," alisema siku moja. "Tuufute."

"Tuufute kwa nini? Watu wanaingia kuuliza habari zako na wanatoka na mikate miwili."

Nondo akafungua kinywa amwambie. Mteja akaingia, akasema, "Aha, mia na ishirini mwenyewe!", naye akafunga kinywa akacheka kicheko kisichofika mbali. Aliahirisha siku hiyo, na siku zilizofuata akaahirisha tena.

Kilo zilipanda kidogo kidogo: tisini na saba na nusu, mia moja, mia na mbili na nusu. Zilipobaki wiki tatu, kocha akafungua uzi nguzoni, akaukunja, akamkabidhi baba.

"Kule hawafungi uzi," alisema.

Siku hiyo Nondo alikuwa kama mtu aliyezimiwa taa. Mara ya kwanza aliishia juu. Ya pili, kwa woga wa kuishia juu, alizama mno, akashindwa kuinuka, akakiachia chuma kwenye vyuma vya usalama kwa kishindo kilichowatoa mafundi wa gereji nje. Akakaa sakafuni.

Baba, aliyekuwa amezoea sasa kuja kila Ijumaa, alivuta kiti karibu.

"Mimi nikipiga lipu," alisema, "pimamaji naiweka mwisho. Mkono unakuwa umeshaniambia. Lakini mkono haukuzaliwa unajua. Niliupima kila siku mpaka ukajua. Sasa wewe umepimwa wiki sita. Unapogusa uzi, mwilini kunakuwaje?"

Nondo akafikiri. "Hapa kwenye kunjo panabana. Na uzito unahamia visiginoni."

"Panabana kwanza, au uzito unahama kwanza?"

"Uzito. Halafu panabana."

"Basi ngoja vyote viwili."

Nondo akaondoa sahani za chuma, akarudi kwenye kilo sitini, akashuka amefumba macho. Uzito ukahama. Akangoja. Pakabana. "Hapo," kocha alisema kutoka kitini kwake. Walirudia mpaka neno hilo likawa linatoka midomoni mwao wote wawili kwa wakati mmoja.

Siku ya mchujo ukumbi wa shule ulijaa. Nondo alipima kilo sitini na mbili na robo tatu, akanywa maji, akala ndizi mbili na wali aliofungiwa na mama. Mezani alipewa kadi ya kuandika uzito wa kuanzia. Kadi ile ina ukali wake: ukishaandika unaweza kupanda, kushuka huruhusiwi, na kila mtu ana nafasi tatu tu. Ukianza juu ukashindwa mara tatu, umerudi nyumbani mikono mitupu.

Kiberiti akaja mbio. "Dada, bosi amekuja! Amefunga bekari! Amekuja na wateja saba, wamekaa mbele kabisa. Andika mia na kumi moja kwa moja, wasije wakaanza maneno."

Nondo aliishika kalamu. Kutoka pale aliwaona, bosi kwa kilemba chake chekundu, akipunga mkono. Akaandika tisini na tano.

"Dada!"

"Ndiyo niliyokuwa nayo siku ile, Kiberiti. Mia na ishirini tuliisema mimi na wewe."

Mtangazaji aliposoma, "Kilo tisini na tano," alisikia minong'ono mbele. "Si alisema mia na ishirini?" mmoja aliuliza, na sauti ya bosi, ambayo haikuumbwa kunong'ona, ikajibu, "Nyamaza kwanza, mtu anafanya kazi."

Alishuka. Uzito ukahama, akangoja, pakabana. Waamuzi watatu wakamkubali: taa tatu nyeupe. Kwenye mia na tano, tatu nyeupe tena. Kocha aliandika mia na kumi, akamfunga mkanda tundu moja zaidi.

Mara hii chuma kilikaa mabegani kama ukuta. Alishuka polepole. Uzito ulihama visiginoni, na kila kitu mwilini mwake kikamwambia ageuke pale pale, ambapo zamani angegeuka. Akangoja. Pakabana. Akasukuma. Katikati ya njia chuma kilisimama, wala hakipandi wala hakishuki, na ukumbi mzima ukapiga kelele asiyoisikia. Kisha kikasogea, kidogo, kidogo tena, na magoti yakanyooka. Mwamuzi akaamuru, Nondo akakirudisha stendini.

Taa zikawaka: nyeupe, nyeupe, nyekundu. Mbili zatosha.

Kiberiti alimrukia shingoni. Bosi alikuwa amesimama juu ya kiti. Baba alibaki ameketi, anajifuta uso kwa leso, anajifanya ni jasho. Nondo akajinasua taratibu, akaenda kwa mwamuzi wa upande wa kulia, mwanamke mwenye nywele za mvi, aliyekuwa akiandika kwenye karatasi.

"Shikamoo, mama. Samahani. Nyekundu ilikuwa yako?"

Mwanamke aliinua macho, tayari kwa ugomvi. "Marahaba. Ilikuwa yangu. Kwa nini?"

"Nilibakiza kiasi gani?"

Mwamuzi alimtazama kidogo, kisha akainua mkono, akaonyesha unene wa kidole kimoja.

"Asante," Nondo akasema, na akainama karibu ili mwamuzi amwonyeshe vizuri ni upande upi wa nyonga uliobaki juu.