Albamu ya Mbao Kumi na Moja

Tuseme ukweli tangu mwanzo: bendi ya Misumari Iliyopinda haikujua kupiga muziki. Walikuwa watatu. Kinyozi alilikwangua gitaa kana kwamba lina mba. Muuguzi, dada mpole ambaye wodini alimwomba mgonjwa radhi kabla ya kila sindano, akikaa nyuma ya ngoma alizitwanga kwa hasira za wiki nzima. Mwimbaji alikuwa binti wa seremala, na kwa sauti yake ya kukwaruza walimbandika jina la Randa. Walipiga panki, ule muziki wa kelele na ghadhabu ambao mtu akikosea hakuna anayegundua. Majirani walisema debe tupu haliachi kutika, na wao wakaona wamesifiwa.

Makao yao yalikuwa karakana ya baba yake Randa. Ruhusa waliipata kirahisi mno: Randa alimwuliza mzee kama wanaweza kufanyia mazoezi pale mchana, mzee akaitikia kwa kichwa. Kumbe hakusikia hata neno! Miaka thelathini na tano mbele ya mashine ya kupasulia mbao ilikuwa imemla masikio, na dawa yake ya aibu hiyo ilikuwa moja tu, kukubali kila kitu. Ukimwambia jambo, "Nasikia, nasikia," kisha anaendelea na ubao wake. Wateja walishazoea kuagiza kwa kuchora.

Hayo yangekuwa ya kuchekesha tu kama si ile Jumanne mashine iliponyakua mkono wa shati lake. Muuguzi alipiga ukelele, Kinyozi akapiga ukelele, mzee akawapungia mkono wa pili huku akitabasamu. Randa ndiye aliyewahi kuzima umeme. Shati lilichanika hadi kwapani, ila mkono, Mungu mkubwa, ulibaki mzima.

"Mpeleke kwa daktari wa masikio," Muuguzi alimwambia Randa. "Akiwahi, kilichobaki kinaokolewa. Akichelewa, ndiyo basi tena."

Rahisi kusema. Randa alimweleza baba yake kwa upole, akajibiwa "Nasikia." Alimfokea, "Nasikia." Alimwandikia barua, mzee akasema miwani imepotea, na miwani yenyewe iko puani. Mama yake mdogo akanyoosha mikono: sikio la kufa halisikii dawa. Lakini Randa methali hazikumtuliza. Alikuwa na baba mmoja, alimpenda, na kila mashine ilipowashwa moyo ulimruka. Uchungu wote huo akaumimina kwenye wimbo, akauita "Mzee Hasikii." Kila mchana aliuimba hatua nne tu kutoka kwa mzee mwenyewe, naye mzee, maskini, akimwona amefumbua mdomo hivyo humchekea.

Basi wakaamua kurekodi albamu yao ya kwanza. Walimpata fundi wa kurekodi mwenye chumba kilichofunikwa magodoro kuta zote. Kimya cha mle ndani, unaweza kusikia chai ikishuka tumboni.

"Haya," fundi akasema. "Anzeni."

Hakuna aliyeanza.

"Anza basi," Kinyozi akamwambia Muuguzi.

"Mimi? Si wewe huwa unaanza?"

"Ala! Mimi namfuata Randa."

Randa akaapa kwamba maisha yake yote yeye huwafuata wao. Walijaribu hivyo hivyo. Muuguzi alikimbia, Kinyozi akachelewa, na wimbo wa kwanza ukaisha mara tatu, kila mtu na mwisho wake. Walilaumiana saa mbili nzima. Hatimaye fundi akauliza kwa adabu kama wamewahi kukutana kabla ya siku ile.

Randa ndiye aliyeng'amua, akiwa ameketi sakafuni, kichwa mikononi. Karakanani, mzee akiingiza ubao mashine hupandisha sauti, wiiii, na bendi huingia. Meno yakikutana na kifundo cha mti, mlio hukoroma, na wao hubadilisha mdundo. Ubao ukianguka, wimbo umekwisha. Ndiyo maana nyimbo zao zote zilikuwa za dakika moja na nusu: ndio muda wa kupasua ubao wa futi kumi na mbili! Siku zote hizo kiongozi wa bendi alikuwa mzee asiyesikia, na hakuna aliyejua, yeye mwenyewe akiwa wa mwisho.

Jumamosi vyombo vikahamia karakanani. Fundi aliliona vumbi la mbao likitua juu ya mitambo yake, machozi yakamlengalenga. Mzee alikuwa na oda ya rafu za duka, mbao kumi na moja za kupasua, na Misumari walikuwa na nyimbo kumi na moja.

"Mkikosea tutarudia," fundi akasema.

"Turudie na ubao gani?" Kinyozi akamwuliza.

Wakazipiga zote kwa mkupuo mmoja. Katika wimbo wa nne waya wa gitaa ulikatika. Katika wa sita Muuguzi alipiga chafya, na chafya imo mpaka leo. Katika wa tisa mzee alisimamisha mashine akaze skrubu, bendi nzima ikasimama, ikamsubiri, kisha ikaendelea naye. Kelele ilikuwa mbaya ajabu, na kwa mara ya kwanza ilikuwa yao.

Walipomaliza, mzee alijipangusa uso, akaenda moja kwa moja kwa fundi, akaonyesha hedifoni kwa kidole.

"Lete hizo. Mashine yangu hiyo, nataka nijue imetokaje."

Fundi, asiyejua hili wala lile, akamvisha na kumwekea wimbo wa sita. Mzee akaonyesha juu. Fundi akaongeza sauti. Juu tena. Ikafika mwisho, hadi kelele ikavuja kama nyuki ndani ya kopo.

"Hee! Bado kali," mzee akasema, kifua mbele. Kisha akakunja uso. "Kuna mtu anaimba humu."

Mwaka mzima Randa alikuwa ameomba baba yake amsikie japo mara moja, na wimbo wa saba ulikuwa unakuja, naye sasa aliomba mzee awe kiziwi dakika moja na nusu tu zaidi. Alinyoosha mkono amvue hedifoni. Mzee akamchapa kiganja.

Wimbo wa saba ukaingia. Waliusikia wote ukivuja:

*Mzee hasikii, hasikii, hasikii!*
*Kiburi kimejaa karakana!*
*Daktari yupo, yeye hataki,*
*mpaka mkono uanguke na maranda!*

"Rudisha huo," mzee akasema.

Fundi akarudisha. Safari hii midomo ya mzee ilikuwa ikifuata maneno. Kinyozi akajifanya anakagua gitaa. Muuguzi akaangalia dari.

Mzee akazivua hedifoni taratibu. "Wewe ndiye umetunga?"

Randa akaitikia kwa kichwa. "Nisamehe, baba."

"Sauti unayo," mzee akasema, na jicho lake likang'aa kidogo. "Lakini hapo kwenye kiburi umenisingizia. Si kiburi, mwanangu. Naogopa. Daktari akishaandika kwamba sina masikio, nani ataniachia mashine? Na mimi kazi nyingine sijui."

Randa, aliyepiga kelele nyimbo kumi na moja bila kuchoka, safari hii aliacha kelele. Akamshika baba yake mashavu kwa mikono yote miwili, akasema polepole, auone mdomo wake.

"Na mimi naogopa. Kila siku. Twende Jumatatu."

Mzee akamrudishia fundi hedifoni.

"Tutakwenda," akasema. "Ila daktari utaongea naye wewe. Mimi sisikii."