Siku ya Saba ni Mbali

Mtoto wa Nada alizaliwa hospitalini Unguja asubuhi ya Ijumaa, mwaka 1996, akilia kwa nguvu, na mkunga Mwatima akamshukuru Mungu. Lakini aliponyamaza, midomo ikageuka zambarau, kifua kikabonyea ndani. Akalia tena, wekundu ukarudi.

"Mtie titi atulie," alisema Bi Shemsa, mama mkwe wa Nada.

"Usimtulize, Bi Shemsa. Akitulia hapumui."

Mwatima alipitisha mpira mwembamba puani mwa mtoto. Ukagota. Tundu la pili, ukagota palepale. Mtoto mchanga hupumua kwa pua, na ya huyu haikuwa na njia kwa nyuma. Alikata ncha ya chuchu ya chupa, akaitia kinywani na kuibandika kwa plasta, hewa ipate pa kupita.

Daktari Qais alipofika aliupitisha mpira mwenyewe, ukagota.

"Ni mfupa. Lazima niutoboe. Nikikosea kidogo kwenda juu, nnaingia kwenye ubongo."

"Na tukimpeleka Dar es Salaam?" aliuliza Mwatima.

"Boti imeshaondoka, na ndege ni kesho. Hafiki kesho."

Nada alijiinua kitandani. "Mpeni jina kwanza. Aitwe Saud."

"Mwanangu, kwetu jina siku ya saba," Bi Shemsa alimwambia.

"Siku ya saba ni mbali, mama."

Bi Shemsa akajifunika uso kwa kanga.

Katika chumba cha upasuaji Mwatima alikishika kichwa cha Saud, kidogo kama chungwa. Aliusikia mfupa ukisagika chini ya vidole vyake. Damu ilijaa, wakaifyonza, ikajaa tena. Mapigo ya moyo yakapungua, yakapungua tena. Qais alikuwa akitokwa jasho. Ghafla chombo cha kutobolea kikapenya, kisha na tundu la pili. Mwatima alisogeza kioo puani, kikafanya ukungu.

Walimshonea mipira miwili puani, na kwa wiki sita Nada aliifyonza kwa bomba la sindano kila saa, maana ikiziba mtoto hana muda. Ilipotolewa, Saud alinyonya amefumba macho, anapumua.

Qais alipima tena. Tundu la kulia lilikuwa wazi. La kushoto lilishaanza kusinyaa.

"Litaziba?" aliuliza Nada.

Mwatima alitamani kusema uongo. "Huenda. Mlete kila Jumatatu."

Nada alimfunga mtoto kifuani, akaondoka kwenda nyumbani Chukwani, sikio lake limeinama juu ya pua ile.