Protoni za Mashine Iliyozimwa

Asubuhi hiyo mashine kubwa ilizimwa kwa sababu ya bomba la maji lililovuja, jambo dogo kabisa, na Mama Vipimo akabaki peke yake kwenye chumba cha kihesabio. Jina hilo walimpa wanafunzi wake, maana hata saa ya ukutani hakuiamini mpaka aipime mwenyewe.

Kwa miaka mitatu, yeye na binti mmoja aliyemsomesha kama wa kumzaa walikuwa wakitengeneza viini vya atomi visivyodumu. Vinazaliwa mashine ikigonganisha atomi, vikiwa na protoni nyingi kupita kiasi, na kufumba na kufumbua vinatema protoni moja. Kila ikitemwa, kihesabio kinaongeza moja. Saa hiyo binti alikuwa ghorofa ya juu, mbele ya wakaguzi, akizitetea protoni hizo apate shahada ya uzamivu.

Kihesabio kikaongeza moja.

Mama Vipimo akakikazia macho. Kikaongeza nyingine. Mashine imezimwa, hakuna kiini kinachozaliwa, sasa nani anatema? Akamulika tochi kwenye kidirisha cha kioo cha kihesabio. Kidonge cha mionzi cha kujaribia kihesabio, ambacho huondolewa kabla ya kazi kuanza, kilikuwa kinachungulia pembeni. Aliyekiondoa miaka mitatu iliyopita, au aliyedhani amekiondoa, ni yeye mwenyewe.

Alipanda ngazi mbilimbili, na magoti yake yale mabovu. Binti alikuwa nje ya mlango wa ukumbi. Wakaguzi walikuwa wamemtoa ili washauriane.

"Mwanangu, zile si protoni. Kidonge kimebaki ndani. Kosa ni langu, naingia kuwaambia."

Binti hakushtuka. Alitazama viatu vyake.

"Najua, Mwalimu. Niliona mwaka jana, wakati wa matengenezo."

"Mwaka jana?"

"Nilidhani na wewe unajua. Nikasema, mtu kama wewe kitu hicho hakiwezi kukupita. Kama umenyamaza, una sababu zako. Mimi ni nani nikuumbue?"

 Mama Vipimo aliogopa kuliko alivyoogopa kule chini.

Mlango ukafunguka. Mwenyekiti wa wakaguzi alikuwa akitabasamu.

"Hongera, Daktari," alisema, akamnyooshea binti mkono.

Binti akamgeukia mwalimu wake, akisubiri kuambiwa aupokee au asiupokee.