Kitambaa Juu ya Kompyuta

Kwa jinsi jirani wa ukuta wa pili alivyowasimulia wenzake pale bombani, kompyuta ile ilikufa mbele ya macho yake. Alisema alikuwa anaanika shuka, akasikia kishindo kama cha sufuria iliyodondoka. Kugeuka hivi, dirishani kwa majirani zake akaona mwanga wa buluu umejaa sebule nzima. Na mbele ya mwanga huo, alisema, kasimama mkamwana wa nyumba ile, mkono mmoja kiunoni, mkono wa pili unabonyezabonyeza kama mtu anayechagua nyanya sokoni.

"Kidole cha mtu asiyejua," akamalizia, "ni mbuzi kwenye shamba la watu. Kikishapita, kilichobaki ni mashina."

Jirani huyo walimwita Redio, kwa sababu habari zake hazikuhitaji betri. Kishindo hakikuwapo. Mwanga wa buluu ulikuwapo, lakini alfajiri, si wakati wa kuanika shuka, ukatoweka, na Redio akajazia mengine. Na mkamwana mwenyewe, ambaye wakwe zake walimpa jina la Taratibu tangu wiki ile aliyoolewa, asubuhi hiyo alikuwa kliniki, amekaa kwenye benchi na mtoto mapajani. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Aliporudi, wanawake wawili barabarani walimpa pole kwa sauti ya watu wanaojua zaidi ya wanachosema, naye akaitikia "asante" bila kujua pole ni ya nini.

Alijua mchana, alipotaka kumlaza mtoto.

Ndani ya kompyuta ile mlikuwa na sauti ya Mama. Mama, yaani mama mkwe wake, alikuwa fundi cherehani maisha yake yote, na mpaka sasa kastabani, kile kikofia cha kukingia ncha ya sindano, haitoki kwenye kidole chake cha kati. Koo lake lilipougua, madaktari walisema wataokoa roho, sauti hawaahidi. Basi kijana wake mkubwa, mume wa Taratibu, akanunua kinasa sauti cha kuchomeka kwenye kompyuta, na kila jioni kabla ya upasuaji akamketisha mama yake mbele ya mashine, asimulie hadithi zote alizowahi kuwasimulia wao. Mama alipotoka hospitali, sauti haikutoka naye. Tangu hapo alizungumza kwa macho, kwa mikono, na kwa kastabani: akigonga meza mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana, akigonga mfululizo maana yake njoo hapa, mzembe wewe.

Mjukuu wake, waliyemwita Kibibi kwa kufanana naye paji la uso, hakulala mchana bila hadithi ya paka aliyeajiriwa kulinda maziwa. Bibi alikaa pembeni akishona vifungo, sauti yake ikitoka kwenye mashine, na mtoto hakuona ajabu yoyote katika hilo.

Siku hiyo Taratibu alikikunja kitambaa kilichotariziwa maua, kilichofunika kompyuta, akakiweka kando, akaiwasha. Kioo kikawa buluu. Kikaandika kwamba mfumo mpya unaandaliwa, asilimia thelathini, tafadhali subiri. Yeye kusubiri anakuweza, alisubiri. Kioo kikazimika chenyewe, kikawaka, kikaandika yale yale, asilimia thelathini. Akasubiri tena. Mashine ikawa kama mtu aliyefika mlangoni, akakumbuka kitu, akarudi, akafika mlangoni, akakumbuka tena.

"Bibi amenyamaza?" Kibibi aliuliza kutoka kitandani.

"Anapumzika. Lala."

"Nani atamfukuza paka?"

Mama alikuwa mlangoni, uzi mdomoni. Alitazama kioo, akamtazama mkamwana wake, na hakugonga chochote.

Mume wa Taratibu ni mpima ardhi. Alikuwa ameondoka alfajiri kwenda kupima mipaka, huko ambako mtandao wa simu hupatikana ukipanda mti. Simu yake haikupatikana. Kwa hiyo jioni alikuja mdogo wake, Shemeji, karani wa bohari, mtu wa haraka tangu kuzaliwa. Walisema alizaliwa mkunga akiwa bado anavua viatu. Alikuja na flashi ya ofisini mfukoni na habari za Redio masikioni.

"Shemeji, nasikia umeiua kompyuta ya kaka."

"Nani kasema?"

"Redio."

"Na wewe ulikuwa unasikiliza stesheni hiyo?"

"Inasikika hata ukizima." Akacheka, akaitazama ile asilimia thelathini ikija na kwenda. "Haya, ugonjwa mdogo huu. Ofisini kwetu mashine ikifanya hivi tunafuta kila kitu, tunaweka mfumo upya. Chai haijapoa, kazi imekwisha."

"Na vilivyomo?"

"Vya ofisini vinahifadhiwa kwenye mashine kubwa."

"Na vya hapa vimehifadhiwa kwenye mashine gani?"

Shemeji alikuna kidevu. "Kaka hakuweka nakala?"

"Alisema ataweka akirudi."

"Basi... huenda vingine vikabaki."

"Huenda," alisema Taratibu. Akaenda uani, akarudi na kapu la nguo kavu, akaketi kwenye kile kiti kimoja kilichokuwa mbele ya kompyuta, akaanza kukunja.

Shemeji alisimama na flashi yake mkononi kama mgeni aliyeleta zawadi ikakosa mpokeaji. "Nipishe basi."

"Namalizia hizi."

Akangoja. Akaenda dirishani, akarudi. "Hilo shati umeshalikunja."

"Halikukaa vizuri."

"Shemeji, wewe ungekuwa konokono, konokono wenzako wangekupigia honi."

"Wangepita pembeni," alisema Taratibu, akalikunjua shati, akaanza upya. "Nimemtumia ujumbe Fundi Miwani, yule wa kibanda cha pale kwenye duka la vitabu. Amesema anafunga kibanda anakuja. Akisema tufute, nitainuka mwenyewe."

"Na kama si wewe uliyeibonyeza, ni nani? Mama alikuwa peke yake, na Mama anaiogopa hiyo kompyuta kuliko nyoka. Hajawahi kuigusa."

Taratibu alifungua mdomo amjibu, macho yake yakapita ukutani, yakafika kwenye swichi. Akafunga mdomo. Nyumba hii ilikuwa na sheria moja iliyozidi zote: wa mwisho kutoka chumbani azime ukutani. Iliwekwa na Mama mwenyewe, siku pasi ilipounguza gauni la bibi harusi na bibi harusi yuko sebuleni anasubiri kulijaribu. Tangu hapo hata Kibibi, asiyefikia swichi, akitoka chumbani hunyoosha mkono juu, kwa adabu tu. Na Taratibu akakumbuka kwamba mchana ule, kabla ya kuwasha kompyuta, alikuwa amewasha kwanza ukutani.

Alichukua suruali, akaikunja. Mama alikuwa pale pale, kwenye kiti chake karibu na mlango, anapindua ukosi wa shati.

Fundi Miwani alifika na miwani yake mbili, moja machoni na moja kichwani. Alimwamkia Mama shikamoo, Mama akagonga ukingo wa kiti, naye akaelewa ni marahaba. Alisikiliza maelezo ya Shemeji mpaka mwisho, akamwambia, "Ofisini mko sahihi, hakuna cha kupoteza. Hapa tuchungulie kwanza." Ndipo Taratibu akainuka kitini.

Fundi alichomeka flashi yake, akaiwasha kompyuta kwa mfumo uliomo humo, si ule ulioharibika. "Ni kama kuingia nyumbani kwa dirisha," alisema, "mlango ukiwa umekwama." Kioo kikatulia. Akasogeza miwani. "Diski ni nzima. Haijavunjika kitu. Mashine ilizimika katikati ya kuingiza mfumo mpya. Umeme ulikatika?"

"Haukukatika," alisema Shemeji. "Ungekatika, Redio angetangaza."

"Basi ilizimwa. Mfumo mpya ukiingia, mashine inakuwa kama watu wanaohama: nusu ya vyombo ndani, nusu uani. Ukifunga mlango wakati huo, umewaharibia. Ndiyo maana kioo chenyewe kinaandika, usizime. Ambaye angekitazama angeona."

"Kilikuwa kimefunikwa," alisema Taratibu.

"Nani anafunika kompyuta inayofanya kazi?"

"Sisi."

Fundi akamtazama kwa miwani ya machoni, kisha kwa ile ya kichwani.

"Mume wangu aliiwasha iendelee, akaifunika kwa sababu ya vumbi, akaenda zake. Ndivyo tunavyofanya. Na kitu kikifunikwa hapa, maana yake kimelala. Na kikilala, ukutani panazimwa. Hakuna mtu aliyebonyeza kitu, Fundi. Nyumba imejizima yenyewe."

"Nyumba haina mikono," alisema Shemeji. "Nani alizi..."

Akaishia hapo, kwa sababu sindano ya Mama ilikuwa imesimama. Mama aliliweka shati chini. Aliinuka, akaenda mpaka ukutani, akaigonga swichi kwa kastabani mara moja. Kisha akajigonga kifuani, mara moja.

Shemeji akairudisha flashi mfukoni.

"Mama, hata mimi ningezima," alisema hatimaye. "Ulinichapa kwa sababu ya swichi hiyo hiyo."

Mama hakucheka. Alimgeukia Fundi, akanyoosha kidole kwenye kioo, akakipeleka kooni kwake, akasubiri.

"Anauliza kama sauti ipo," alisema Taratibu.

"Sitawapa matumaini ya bure. Zilikuwa zinawekwa wapi?"

Taratibu alijua, kwa kuwa mwanzoni alimwona mume wake akipita njia ile ile kila mchana, na baadaye akaipita yeye mwenyewe. Fundi alifuata alivyoelekezwa. Folda ya Mama ilikuwepo. Aliifungua. Ilikuwa tupu.

Hapo ndipo Taratibu alipokaa chini, juu ya kapu lenye nguo alizokwisha kukunja.

Fundi alirudi kwenye orodha ya mwanzo, akafungua hapa, akafunga pale. "Nilisema wanahama," alinong'ona, kama anayejikumbusha. "Sasa uani ni wapi?" Akateremka kwenye folda moja ndefu ya mfumo wa zamani, ile ambayo mashine huisukumia vitu vya kale ikingoja mapya yatulie. Ndani yake folda, ndani ya hiyo folda nyingine. Akasimama. Majina yakapangika kwenye kioo moja chini ya jingine, kama mume wa Taratibu alivyoyaandika: Paka Mlinzi, Mfalme Asiyepiga Chafya, Mtoto wa Fundi Kengele.

"Hizi?"

Kastabani iligonga meza mara moja, kwa nguvu.

Kabla ya kugusa kitu kingine, Fundi alinakili zote kwenye diski yake, akazinakili tena kwenye flashi ya Shemeji, ambayo hivyo ilipata kazi. Kisha akaomba maji ya kunywa, akaanza kuirudisha mashine kwenye mfumo wake wa zamani. Mara ya kwanza ilikataa. Mara ya pili ilifikiri muda mrefu, Taratibu akaikodolea macho bila kupepesa, Shemeji akazunguka meza, mpaka ikaja picha yao ya familia iliyokuwa inakuja siku zote, Kibibi amefumba macho.

"Muwekeeni mtoto hadithi yake," alisema Fundi, akakusanya waya. Lakini hakuondoka.

Kibibi, ambaye siku nzima hakulala na sasa alikuwa analia bila sababu anayoijua, alipanda mapajani kwa bibi yake. Taratibu akabonyeza. Sauti ya Mama ikatoka, nzito, yenye kicheko kwa chini, ikasema hapo zamani paka alikwenda kuomba kazi, na alipoulizwa ana ujuzi gani alisema anayapenda maziwa kwa moyo wote. Dirishani kikatokeza kichwa cha Redio, na kwa mara ya kwanza tangu wamfahamu hakikuwa na habari. Paka alipoanza kulamba sharubu, Kibibi alikuwa ameshalala.

Siku zote hapo ndipo walipoizima. Mtoto akilala, aliyekuwa karibu hunyoosha mkono. Leo hakuna aliyethubutu kuigusa. Hadithi ikaendelea peke yake, paka akafukuzwa kazi, maziwa yakapata mlinzi mwingine, na hadithi ikaisha. Kikafuata kimya, kiti kikalia kwenye kinasa sauti, mtu akakohoa. Kisha sauti ile ile, sasa si ya hadithi, imechoka, ya mama anayezungumza na kijana wake:

"Haya mwanangu, leo basi, koo linawasha. Zima hicho kitu. Na ukutani pia, usisahau."

Wote waliitazama swichi. Mama naye aliitazama, kastabani imetulia mgongoni kwa mtoto.

Hakuna aliyeinuka.